Udongo wa Nyuma ya Kanisa

Juzi nilimwona shemasi akimwaga divai ya Meza ya Bwana iliyobaki, na harufu ya zabibu ikanirudisha Nyamache, mchana ule mdogo wangu alipokuwa akiungua kwa homa. Nyanya alitaka mbuzi achinjwe kafara. Baba alimkatalia mama yake: "Mama, damu ya Yesu yatosha."

Kanisani pasta aliinua kikombe, akasema hiyo ndiyo damu yenyewe. Kisha nikamwona mzee wa kanisa akiimwaga chini, nyuma ya kanisa! Nilichota udongo ule uliolowa, nikakimbia nao nyumbani, nikampaka mtoto kifuani.

"Unamchafua mgonjwa?" Mama alifoka, akaufuta wote.

Mtoto alikufa jioni.

Leo najua yalikuwa maji ya zabibu tu. Mama tumeshamzika, na bado sijamsamehe kwa kuufuta udongo ule.