Vichwa Tulivyovisuka na Kufuli la Choo

Mwaka ule wa uchaguzi wa madiwani, kitu nilichokitaka katika siasa ya Afrika Kusini kilikuwa kimoja tu: choo kifunguliwe. Naona haya kidogo kuandika hivyo. Wenzangu waliosoma wakisimulia uchaguzi husimulia mambo ya haki na katiba. Mimi shule niliiacha nikiwa darasa la sita, kule Uvira, Kongo, kwa hiyo nasimulia nilichokiona kwa macho yangu, na hata hicho huenda sikukiona chote.

Tulikuwa tunasuka nywele kando ya barabara pale Yeoville, mtaa wa Johannesburg, safu ya viti vya plastiki chini ya miavuli, karibu na soko. Sokoni palikuwa na choo cha umma, na mlango wake ulikuwa na kufuli tangu kabla sijafika. Wengine walisema bomba lilipasuka. Wengine walisema mlinzi aliyeshika ufunguo aliacha kazi akaondoka nao. Sikuujua ukweli, basi sikumlaumu mtu. Ila aliyebanwa alilazimika kuvuka barabara mpaka kwenye baa, anunue soda asiyoitaka, ndipo aruhusiwe kuingia.

Mimi niliweza kuvumilia. Asiyeweza alikuwa Mama Mkubwa. Ndivyo tulivyomwita wote, mtu wa Lubumbashi, msusi wa kwanza katika safu ile. Siku nilipofika Johannesburg sina kazi ndiye aliyenipa kiti chake cha pili akaniachia mteja. Alikuwa na kisukari, na mwenye kisukari humwambii asubiri. Alikuwa anamwacha mteja kichwa kikiwa nusu, anavuka barabara mbio, anarudi anahema. Wateja wakaanza kumhama. Asubuhi moja akaniambia:

"Mwanangu, baridi ikiisha narudisha hiki kiti nyumbani. Mikono bado inataka kazi, lakini kibofu kimeshastaafu."

Tukacheka, yeye wa kwanza. Halafu nikamwona anajifuta macho kwa kitambaa chake cha mafuta ya nywele.

Kampeni zikaanza. Katika kata yetu wagombea waliosikika walikuwa wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Siku moja msafara wa yule mwanamke ulipita kwenye viti vyetu ukigawa fulana. Kijana aliyezibeba akawawekea wateja wetu mapajani, sisi akaturuka. Mwenzake alipomuuliza, akajibu kwa Kizulu, akidhani hatusikii: "Hao waache, hawapigi kura."

Niliumia, lakini lazima niseme kweli, hakusema uongo. Karatasi zetu zilikuwa za ukimbizi na kura hatukuwa nayo. Nikainamisha kichwa nikaendelea kusuka. Mama Mkubwa ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini:

"Hatuna kura, sawa. Lakini vichwa vya wapiga kura vinashinda mikononi mwetu toka asubuhi."

Zilipobaki siku chache kabla ya kura, yule mgombea mwanamke akarudi peke yake. Alitaka mistari midogo ya kurudi nyuma, kwa ajili ya mkutano wake wa mwisho. Akaketi kwangu.

"Mpandishie bei huyo!" akanong'ona mwenzangu wa kushoto.

"Msuke pembe!" akasema mwingine.

Nikamtajia bei ile ile ya kila mtu. Alikuwa mpole, akauliza watoto wangu wanasoma wapi, akasikiliza jibu. Baridi ya Agosti ilikuwa kali, naye alikuja na chupa yake ya chai ya moto. Akanywa, akamimina, akanywa tena. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa, nimeushika mstari wa nyuma ya sikio la kushoto, alipoanza kuhangaika kitini.

"Dada, choo kiko wapi hapa?"

Mama Mkubwa akanyoosha chanuo kuelekea sokoni.

"Kile pale, mheshimiwa. Ukiwa na ufunguo, utuite na sisi."

Vicheko vikalipuka. Mgombea akatazama kufuli, akatazama baa ng'ambo ya barabara, na hali yake haikumruhusu kufikiri zaidi. Akainuka mstari ungali vidoleni mwangu. Upande mmoja wa kichwa umelala vizuri, upande wa pili nywele zimesimama wima. Kwenye roboti, ndivyo tunavyoziita hapa taa za barabarani, madereva wa teksi wakamtambua kwa sababu picha yake ilikuwa juu ya nguzo ile ile. Honi zikapigwa.

"Mheshimiwa! Kura yangu naupa upande uliosukwa!"

Alirudi ameshika soda. Alikuwa anacheka, kisha akaacha kucheka. "Hivi nyinyi mnafanya hivi kila siku?" akauliza. Mama Mkubwa akamweleza, safari hii bila mzaha, mpaka habari ya kurudisha kiti. Mgombea akasema akishinda atakifungua. Mimi nikaendelea na kazi, lakini ule mstari wa nyuma ya sikio ulikuwa umepinda alipoinuka. Nikataka kuufumua. Akasema hana muda, anasubiriwa. Mstari ule uliniudhi siku nyingi. Nilijiambia, tazama, mtu mkubwa amekaa kwako mara moja tu, nawe umemtoa na kombo kichwani.

Kesho yake akapita yule mwanamume. Wenzangu walitaka tunyamaze, kwa kuwa mtu wetu tulikwisha kumpata. Sikuweza. Nikaona si haki mmoja ajue na mwingine afichwe, halafu baadaye tumlaumu kwa kutojua. Nikamweleza maneno yale yale. Naye akaahidi.

"Kwani wewe uko chama gani?" mwenzangu akanifokea.

"Mwache," akasema Mama Mkubwa. "Yuko chama cha kibofu, na mimi ndiye mwenyekiti."

Wateja waliponiuliza wampe nani kura, sikumtaja mtu. Niliwaeleza habari ya choo, ya Mama Mkubwa, na ahadi za wote wawili. Niliongeza kwamba mmoja amevuka barabara mwenyewe, maana hilo nalo lilikuwa kweli. Nilisimulia hivyo kichwa baada ya kichwa, kwa sababu mtu anayesukwa hana pa kwenda na mimi sijui kusuka kimya. Wenzangu waliona ni upuuzi. Mara nyingine hata mimi niliona hivyo.

Akashinda mwanamume. Wiki zikapita, kufuli likabaki pale pale. Baridi ikaisha. Mama Mkubwa akaanza kugawa vitu vyake, mimi akanipa chanuo la mkia mrefu, nikalikataa. Akasema, "Basi, nitangoja mkutano wa diwani. Baada ya hapo usinibembeleze."

Mkutano wa kata ulifanyika katika ukumbi wa kanisa. Tulikunja miavuli tukaenda. Mlangoni tukaambiwa walioandikishwa kupiga kura wakae mbele, wengine nyuma, na maswali yataulizwa na wapiga kura wa kata peke yao. Utaratibu ndio huo, sikuona wa kugombana naye. Tukaketi safu ya mwisho. Yakazungumzwa ya taa, yakazungumzwa ya taka. Mkono wangu ulipanda mara moja ukashuka wenyewe. Mama Mkubwa alikuwa ameukumbatia mkoba wake kama mtu anayesubiri basi.

"Kama wapiga kura hawana swali lingine," akasema mwongoza mkutano, "tufunge."

Mbele kabisa akasimama bibi mmoja. Uso sikuuona, niliona kisogo tu. Lakini sisi wasusi watu tunawajua kwa nyuma. Mistari minne minene, ncha zimefungwa kwa uzi mweusi. Kazi yangu.

"Swali langu ni la choo cha soko," akasema. "Anayenisuka ana mwenzake mgonjwa."

Kabla hajaketi akasimama mwingine, vimistari vyembamba vya kuzunguka. Mama Mkubwa akanishika mkono. "Wangu," akanong'ona. Akasimama wa tatu, rasta ndefu za kahawia. "Wako." Wa nne. "Wangu." Wa tano alikuwa ametoka kitini mwa Mama Mkubwa mchana ule ule, nusu ya kichwa bado, chanuo limechomekwa juu. Naye akainua mkono na kusema yeye ni mpiga kura na hawezi kumaliza nywele zake mpaka choo kifunguliwe. Ukumbi ukacheka. Visogo vikaendelea kuinuka, na mimi sikuwa nimempanga hata mmoja. Nilikuwa nimesuka na kusimulia tu.

Wa mwisho sikumtambua upesi, nywele zilikuwa zimeota na mistari imechakaa. Halafu akageuza shingo kidogo, nikaona nyuma ya sikio la kushoto. Mstari umepinda.

"Mimi uchaguzi nilishindwa," akasema yule mgombea. "Lakini njia ya kwenda baa bado naikumbuka, na madereva wa teksi pia wananikumbusha. Mheshimiwa diwani, watu hawa walikuomba nini?"

Diwani angeweza kukasirika. Hakukasirika, na hilo naliandika kwa sababu ni haki yake. Alisimama, akatafuta kwa macho mpaka safu ya nyuma, akanionyesha. "Dada yule aliniambia. Nikaahidi, kisha nikasahau. Jumatatu kinafunguliwa."

"Jumatatu ya mwaka gani?" sauti ikapaazwa kutoka mbele.

"Hii inayokuja!"

Nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi. Mama Mkubwa alikuwa analia waziwazi, mkoba chini.

Jumatatu wakaja mafundi. Ufunguo haukupatikana kweli, kufuli likakatwa kwa msumeno. Wakarekebisha bomba, wakasafisha, maji yakatoka. Safu nzima tuliacha viti tukajipanga mlangoni, wateja na vichwa vyao nusu nusu, vigelegele mpaka wauza mboga wakaja kutazama harusi ya nani. Mama Mkubwa akaingia wa kwanza, akajifungia.

Akakaa humo. Akaendelea kukaa. Mwenzangu akagonga mlango.

"Mama! Unaapishwa humo?"

"Niache!" ikajibu sauti kutoka ndani. "Bado nahutubia!"

Alitoka mikono ikidondosha maji, ameiinua juu kama mshindi wa kura zote. Akatupita, akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake, akakikung'uta vumbi. Kisha akaninyooshea kiganja.

"Chanuo langu la mkia mrefu nililokupa ukalikataa, liko wapi?" Nikamchomolea kutoka kwenye beseni langu, maana alikuwa ameliacha humo kwa siri. Akalipokea, akageukia barabara na kuita kwa sauti iliyofika mpaka kwenye roboti:

"Haya! Nani anafuata?"