Ovaroli ya Jonasi Kwenye Taa za Tumpe

Nilikuta kipande cha ovaroli ya marehemu mume wangu ndani ya boneti ya mwanamke mwingine.

Tulieni niwasimulie.

Mimi ni mjane, nakaa Tunduma. Mume wangu Jonasi alikuwa fundi magari. Aliniachia gari aina ya Noah, ndiyo inayonilisha.

Miaka yote Noah yangu ndiyo ilimpeleka mchungaji wetu kwenye safari yake ya kila mwaka kule Itumba, milimani. Ile ndiyo heshima pekee niliyobaki nayo pale kanisani.

Mwaka huu akaniita. "Mama Angel, safari hii nitakwenda na gari ya Tumpe. Kule kuna ukungu, na taa zako zimejaa maji."

Kweli zilikuwa na maji. Kioo kinatoka jasho kwa ndani, mwanga kama kibatari.

Nikanunua silikoni. Nikaziba kila tundu nyuma ya taa.

Jasho likazidi.

Za Tumpe, yule wa kwaya, kavu. Zinang'aa hizo, utadhani kazitoa dukani jana. Na yeye mjane tu kama mimi, gari kanunua mwaka jana. Nikawa nasali huku jicho moja liko nje kwenye gari lake. Mungu anisamehe.

Jumamosi kwaya wakiwa mazoezini, nikaifungua boneti yake.

Nyuma ya taa kuna kimpira, kimefungwa kwa kitambaa cha bluu. Kina doa la rangi nyekundu.

Doa lile nimelifua miaka saba. Nalijua.

Nikakifungua kile kitambaa, nikaingia kanisani nacho mkononi.

"Tumpe, mume wangu alikuwa anakuja kwako tangu lini?"

Tumpe akanigeukia.

"Dada, Jonasi ana miaka minne kaburini. Gari nimenunua mwaka jana. Alikuja kulitengeneza lini?"

Nyuma, kwenye besi, akasimama Yesaya. Huyu alijifunza ufundi kwa Jonasi.

"Mama, ile ovaroli ulinipa mwenyewe, siku tunagawana nguo za marehemu. Ilipochanika nikabaki na vipande. Nafungia magari ya watu."

"Langu mbona hujafunga?"

"Nilikuja mara mbili. Ukasema gari ya mume wako haiguswi na mtu."

Nikakosa pa kuweka uso, nikamwomba aje alitazame.

Jumatatu Yesaya akaja. Kuona ile silikoni akacheka. "Mama, taa ikiwaka inapata joto, ikizimwa inapoa. Hilo tundu dogo ndilo la kupumulia. Umeliziba, unyevu utokee wapi?"

Akaibandua. Akazianika taa juani, akaziba ufa wa pembeni mwa kioo tu, akakaza kifuniko cha balbu. Kimpira cha kupumulia akakielekeza chini, maji yasiingie. Akakifunga kwa kitambaa cha bluu.

Itumba mchungaji alikwenda na Tumpe. Tumpe mwenyewe ndiye aliyenipigia: "Dada, kiti cha nyuma kipo wazi."

Nikapanda. Ukungu ulikuwa mzito, lakini barabara niliiona yote.

Ndugu zangu, tundu la kupumulia la taa msilizibe. Na wivu ukikushika, anza kufungua boneti yako.