Baba Alijibu "Nzuri"

Asubuhi ile hospitalini mjini Dodoma, daktari alimuuliza baba, "Mzee, hali yako?"

"Nzuri tu, mwanangu."

Kwetu Chamwino mtu mzima akijuliwa hali hujibu nzuri kwanza, maumivu huyataja baadaye. Daktari hakusubiri. Aliandika ruhusa, akahamia kitanda cha pili. Mimi nilijua baba alikesha ameketi, anahema. Nilitaka kusema, nikaona aibu.

Siku ya tatu nyumbani, baba alifariki.

Msibani shangazi aliniuliza, "Walimpima kifua kabla ya kumruhusu?"

"Sikuona wakimpima."

"Na wewe uliwaambia hapumui vizuri?"

Watu wote wakanitazama. Nilijibu, "Hawakuniuliza." Ni kweli hawakuniuliza, lakini tangu siku ile shangazi hanisemeshi.