Kibuyu Kilichotunzwa kwa Kafuri

Siku ya kwanza kazini Bwana Msimamizi, Mzungu, hakuniuliza nimesoma hadi wapi. Aliniambia, "Onyesha mikono." Nikaionyesha. "Hapa mdudu ikiingia, wewe nje."

Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Nyumba yetu ya makumbusho ilikuwa chumba kimoja cha mawe karibu na mto Themi mjini Arusha, imejaa vitu vya walowezi wa kwanza: jembe la kukokotwa na ng'ombe, gurudumu la gari, taa za mafuta. Mbao nilizipaka nta. Vyombo vichache vya wenyeji vilivyokuwamo nilivisugua ndani kwa maji ya moto na sabuni, vikikauka natia punje za kafuri kufukuza wadudu. Sisi Waislamu kafuri tunaijua kwa maiti, lakini kazi ni kazi, na niliipenda.

Siku moja ya soko aliingia mama wa Kiarusha, mtu mzima, akasimama mbele ya kabati la kioo lenye kibuyu cha maziwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hapo pameandikwa nini?"

Nikamsomea: kibuyu cha wenyeji, mwenyewe hajulikani.

"Anajulikana," akasema. "Ni Nasieku, binti yangu. Mshono huu wa ngozi ni mkono wake. Tulipohamishwa kupisha shamba la mzungu vyombo vilibaki nyumbani. Yeye mwaka ule ule akafa."

Nilikwenda kumwombea kwa Bwana Msimamizi arudishiwe. "Kitu ikiingia hapa haitoki," akajibu, akaendelea na chai yake. Nilichukia, nikarudi kwenye nta yangu.

Mama akawa anakuja kila soko. Alinieleza kwamba kwao kibuyu husafishwa kwa kijinga cha moto cha mti wa mzeituni pori, na kila mwanamke ana namna yake ya kukifukiza. Maziwa ya Nasieku angeyajua hata gizani, kwa harufu ya moshi wake.

"Sitaki tena kukichukua," akasema mwishowe. "Nifungulie ninuse tu."

Sijui ni nini kilichomlainisha Bwana Msimamizi. Alikuja mwenyewe na ufunguo, akatoa kioo, akasogea dirishani akatugeuzia mgongo.

Mama alikipokea kwa mikono miwili. Akafungua kifuniko, akaingiza pua, akafumba macho. Akanusa mara ya pili. Kisha akakifunika, akanirudishia.

"Umekiosha vizuri, mwanangu," akasema.

Hakuja tena.

Baada ya uhuru nyumba ile ilifungwa, nikahamishiwa kufagia mahakamani hadi nilipostaafu. Watu husema nilikuwa mtunzaji hodari. Ni kweli, na inaniuma.

Mke wangu alipofariki, binti zangu walikunja nguo zake sandukuni, wakaleta kafuri zisije zikaliwa na nondo. Niliwapokonya kafuri hiyo mkononi. Nguo zile zinanuka udi na moshi wa jikoni kwake. Nondo wakizitaka, wazile.