Uwanja Safi wa Bwana Afya

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa bwana afya. Miaka yote ya kazi aliingia nyua za watu na kofia yake, akipiga teke kila nyasi na kumtishia mwenye nyumba kwamba atamshtaki. Kwake nyasi ni mbu, mbu ni nyoka, nyoka ni uvivu. Msiniulize mimi.

Alipostaafu akajenga mteremkoni, juu ya shamba langu. Marehemu mama alikuwa amepanda mistari ya majani ya tembo kukingama mteremko wote. Shemeji akaing'oa ya kwake mpaka mizizi, akafagia uwanja ukabaki mwekundu, mtupu kama kichwa chake. Kila mgeni sharti ausifu ndipo apewe kiti.

"Shemeji, mvua za siku hizi si zile," nikamwambia. "Jua linakausha miezi na miezi, halafu mvua inamwagika yote kwa mkupuo. Udongo usio na mizizi utashikwa na nini?"

"Wewe kaa na msitu wako wa nyoka," akanijibu.  Jiko la dada ndilo lililokuwa ukingoni kabisa mwa uwanja.

Sikio la kufa halisikii dawa. Mvua ya kwanza ikakomba udongo wa juu. Bwana mkubwa akasema uwanja umeoshwa. Ya pili ikachimba mfereji hadi msingi wa jiko ukaning'inia. Ya tatu, ukuta ukapasuka dada akiwa ndani anapika. Akaja kwangu na sufuria mkononi, na mimi kwa hasira nikashindwa hata kumpokea hiyo sufuria.

Kesho yake shemeji akaja, suruali imepigwa pasi, kuomba udongo wa kujazia msingi. Nikampeleka kwenye majani yangu. Nyuma ya majani hayo udongo mwekundu ulikuwa umerundikana hadi magotini.

"Chota, ni wako," nikamwambia. "Ila jani langu usiguse."

Akauliza dada atarudi lini. Dada akajibu kutoka ndani, wala hakutoa kichwa: "Panda majani kwanza. Yakishika, nitakuja kuangalia."

Akapandisha udongo karai kwa karai, jasho likimtoka. Kupanda, hakupanda, eti uwanja utachafuka. Mvua iliyofuata ikanirudishia udongo wote, na dada akaazima jembe langu, akapanda maharage humo.