Sauti ya Tatu

Nilifukuzwa kwaya ya parokia yetu, Butembo, kwa sababu ya sauti ambayo hakuna mtu aliyeiimba. Wasichana wawili walikuwa wakivuta noti za juu kwa nguvu, mbele kabisa ya mwalimu wa kwaya, naye akasikia kitu kikinguruma chini yao. Akaninyooshea kidole mimi, mstari wa nyuma.

"Ni weye njo unangurumaka! Toka inje!"

"Hapana miye, Maître."

Nilitoka watu wote wakinitazama. Mama alimwamini yeye, maana parokia nzima ilijua ana sikio kali kuliko wote. Mama amekufa akiamini hivyo, na hilo sijalimeza hata leo.

Baadaye nilisoma fizikia hapa hapa mjini. Kazi yangu ya kumaliza masomo ilikuwa kujenga sikio la ndani kwa hesabu, kwenye kompyuta. Mle sikioni mna chembe zenye vinyweleo zinazokuza sauti dhaifu, ila hazikuzi kwa uaminifu. Siku moja niliingiza noti mbili za juu, zikatoka tatu. Ile ya tatu ilikuwa ya chini, imetungwa na sikio lenyewe. Nilipiga meza kwa hasira.

Nikapanda pikipiki hadi Beni, alikohamia yule mwalimu wa kwaya kwa bintiye. Nilitaka neno moja tu, kwamba alikosea. Nilimkuta uani, amezeeka, kiganja nyuma ya sikio. Nikamweleza, karatasi mkononi, nikipayuka mpaka koo likauma. Chembe zile huzeeka, zikafa, na sauti ya tatu hufa pamoja nazo. Hilo nalo limo katika hesabu zangu, na mjinga mimi sikulifikiria njiani.

"Nyuma ya kukufukuza weye, nilifukuza bengine babili," alisema. "Kisha pole pole ile sauti ikaisha. Donc, ni ninyi njo mulikuwa munaharibu kwaya."

Akanishika mkono kwa upole, na upole huo ndio ulionikera zaidi.

"Mais nilisha kukusamehe, binti yangu."

Majirani walikuwa wamesogea kwenye ua, kelele zangu zimewaita. Ningefanya nini, nimtukane mzee kiziwi?

"Asante, Maître," nilisema chini chini.

"Unasema nini? Sema kwa nguvu!"

Nikarudia. Nilirudia mara tatu, mpaka majirani wote wakasikia.