Picha za Mtaa Wetu

Leo pasi imeunguza kitenge changu, na harufu yake imenirudisha Diepsloot, Afrika Kusini, kwenye kibanda cha mama cha ushonaji. Kila siku nilikuwa nikiwapiga picha watu wa mtaa wetu kwa simu ya mama. Siku majirani walipotugeuka sisi wageni, wakavunja kibanda na kukichoma, niliwapiga picha tena, wakikimbia na vitambaa vyetu.

"Futa hizo, mwanangu," mama alilia. "Tutaishi nao vipi?"

Sikufuta. Nilizichapisha, nikazibandika kwenye ukuta ulio kando ya bomba la maji la mtaa. Jirani mmoja, ambaye mama alimshonea gauni la harusi, alinifuata.

"Eish, toa yangu, mtoto. Wanangu wataiona."

"Ndiyo maana nimeibandika chini," nikamjibu, "usawa wa macho yao."